Nungunungu wa bahari kala msitu California, na huu msitu mbona haurudi?

Kila mtu aliyekulia pwani anamjua yule mdude mweusi wa miiba anayekaa kwenye mawe maji yakitoka. Ukimkanyaga siku yako imeisha, unarudi nyumbani unachechemea na bibi anatafuta papai bichi akupake utomvu wake. Majina yake ni mengi, kila ufuo una lake, mimi hapa nitamwita nungunungu wa bahari na najua mtanielewa. Basi huyu nungunungu ana ndugu yake wa rangi ya zambarau kule California, Marekani, kadogo tu, kanaenea kiganjani, na huyo ndugu yake kala msitu. Sitanii. Kwenye ukanda wa pwani wa zaidi ya kilomita 350 kaskazini mwa California, zaidi ya asilimia 90 ya msitu wa baharini iliisha ndani ya miaka michache tu, mawe yakabaki matupu kama ukuta uliokwanguliwa rangi.

Ukisoma sehemu moja utaambiwa ni joto la bahari. Pengine wanakwambia ni ugonjwa. Pengine wanasema hapana, tatizo ni wale wawindaji wa ngozi wa zamani waliowamaliza fisi maji. Zote ni kweli, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu joto lenyewe lilishapita siku nyingi na sehemu kubwa ya msitu bado haijarudi. Sasa kama sababu imeondoka, mbona msitu haujapona?

Tuanze na msitu wenyewe maana bila kuujua huo hii stori haieleweki. Kelpi ni mwani, ila futa kichwani ule mwani wa Paje na Jambiani kule Zanzibar ambao akina mama wanaufunga kwenye kamba. Hii inashika mwamba huko chini, inapanda mpaka juu ya maji mita 30 na ushee, kupita mnazi mrefu kabisa unaoujua, halafu ikifika juu inajitandaza kama paa. Ile aina kubwa kuliko zote ikipata maji inayoyataka inaweza kurefuka sentimita 60 kwa siku moja. Yaani ukiiacha leo ukairudia kesho muda kama huu, imeongezeka karibu mkono wako mzima. Na haina mizizi, kibaiolojia hata mmea sio. Kule chini ina kitu kama vidole vingi vinavyong'ang'ania jiwe na kazi yake ni kung'ang'ania tu, chakula chote inanyonya kupitia majani kutoka kwenye maji yanayopita.

Kinachoisimamisha ni viputo vya hewa. Kuna aina ya pili, ndiyo ya kaskazini ya California, yenyewe ina puto moja tu kubwa huko juu na majani yameota hapo kichwani kama nywele, na humo ndani ya puto kuna hewa mchanganyiko ikiwemo kaboni monoksaidi, ndiyo ile ile ya jiko la mkaa inayowaua watu waliofunga madirisha wakalala. Mwani unajitengenezea wenyewe, sijui nani aliufundisha.

Hii aina ya pili ishike vizuri kwa sababu ndiyo iliyoliwa. Inaishi kama mahindi, inaota masika, inapanda kwa kasi kiangazi, inamwaga mbegu zake, halafu dhoruba za baridi zinaing'oa na mwaka unaofuata inaanza upya kabisa. Ile ya kusini ni kama mti wa kudumu, ikiliwa majani inaweza kuchipua. Ya kaskazini ikikosa msimu mmoja au miwili ya kumwaga mbegu, ndiyo basi, shamba halina mbegu.

Huku kwetu kelpi hatuna, na sababu ni maji. Kelpi inataka maji ya baridi, na sio baridi kwa sababu ya baridi tu, ni kwamba maji ya baridi yanayopanda kutoka kilindini yanabeba mbolea, wakati maji ya juu yaliyopashwa na jua kama yetu mbolea imeshaliwa yote. Ndiyo maana nenda Cape Town, upande wa magharibi ambako mkondo wa Benguela unaleta maji ya baridi, kelpi imejaa. Lakini kinachonifurahisha mimi zaidi ni Dhofar, kule kusini mwa Oman. Kusi hii hii inayotuvumia sisi katikati ya mwaka inaendelea juu mpaka huko, na ikifika inasukuma maji ya juu yaondoke pwani, maji ya baridi ya kilindini yanapanda kujaza nafasi, na kwa miezi hiyo michache karibu na Mirbat kunaota msitu wa mwani ikiwemo kelpi ya kweli, huko huko Uarabuni kwenye jua la kufa mtu. Upepo mmoja, sisi unatusukumia majahazi kwenda kaskazini, wao unawaletea msitu.

Turudi California. Msitu huu wanaoishi humo ni wengi hadi Charles Darwin, alipopita ncha ya kusini ya Amerika mwaka 1834 na kuona kelpi ya kule, aliulinganisha na misitu ya nchi za joto akasema hata ukiangamiza msitu wa nchi kavu hadhani viumbe wengi kiasi hicho wangekufa nao kama ukiangamiza kelpi. Kule chini kwenye vile vidole kumejaa kaa wadogo, minyoo, konokono na vitu ambavyo hata majina ya kawaida havina. Katikati wanapita samaki wa mawe, ambao wengine wanaishi miaka mingi kuliko sisi, na papa wadogo wenye madoa kama chui. Sili wanaingia kuwinda humo. Nyangumi wa kijivu wakiwa na watoto wanapita pembezoni mwa kelpi na inaaminika wanaitumia kujificha wasionekane na wale nyangumi weusi na weupe wanaowinda wenzao. Na kelpi ikifa ikitupwa ufukweni bado ni chakula, wadudu wanaila, ndege wanawala wadudu. Hata wewe umeshaila, uteute wake unatiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno ili zisitengane.

Halafu kuna fisi maji. Sio huyu wa mito na maziwa yetu, huyu wa kule anaishi baharini moja kwa moja, analala chali juu ya maji kajizungushia kelpi mwilini kama mtu kajifunga shuka ili mkondo usimchukue. Tofauti na sili na nyangumi yeye hana mafuta chini ya ngozi, kinga yake ya baridi ni manyoya tu, manyoya mazito kuliko ya mnyama yeyote duniani, na kwa vile mwili unachoma nguvu muda wote lazima ale karibu robo ya uzito wake kila siku. Kila siku. Na chakula anachokipenda, nadhani umeshajua.

Manyoya ndiyo yaliyomponza. Kuanzia miaka ya 1740 Warusi waligundua bei yake sokoni China, na Wamarekani na Waingereza wakafuata, wakawinda kutoka Alaska mpaka Mexico hadi mwaka 1911 nchi nne zilipokaa chini kusaini mkataba wa kuacha, wakati huo dunia nzima wamebaki kama 2,000 kutoka mamia ya maelfu. California ilidhaniwa wameisha kabisa, kumbe kikundi cha kama 50 kilikuwa kimejificha Big Sur. Hao 50 ndio babu za wote walioko California leo, kama 3,000 hivi. Kwenye safari hizo hizo za kwanza aliisha pia nguva mkubwa wa kaskazini, ndugu kabisa wa nguva wetu ila huyu alikuwa na urefu wa mita nane na alikuwa anakula kelpi, aligunduliwa 1741 na kufikia 1768 hayupo tena. Miaka 27.

Kwamba fisi maji ndiye mlinzi wa msitu, hilo lilijulikana vizuri miaka ya 1970. Mwanasayansi anaitwa James Estes na mwenzake John Palmisano walilinganisha visiwa vya Aleutian huko Alaska, kimoja kinaitwa Amchitka ambako fisi maji walikuwa wamerudi, chini ya maji kelpi tele, na kingine Shemya ambako hawakuwepo, chini ni zulia la nungunungu na mawe. Waliandika 1974 na mpaka leo wanafunzi wa ekolojia wanafundishwa hiyo. Ikawa stori nzuri rahisi: fisi maji akiwepo anakula nungunungu, nungunungu akipungua kelpi inaota.

Ila stori rahisi ina tundu. Kaskazini ya California, kuanzia pale San Francisco kwenda juu, fisi maji walimalizwa karne ya 19 na hawajarudi hadi leo, lakini msitu ulikuwepo! Miaka yote hiyo, karne nzima na zaidi bila fisi maji hata mmoja, na kelpi inaota kila mwaka kama kawaida. Watu wengi wanaoeleza hii ishu wanaruka hapo.

Ukweli ni kwamba lango lilikuwa na walinzi wawili. Wa pili ni kiti cha pweza, lakini sio hiki chetu cha mikono mitano kinachokaa tu pale kwenye mchanga watoto wanakiokota. Huyu ana mikono mpaka 24, anafika mita moja kutoka ncha hadi ncha, na kwa kiti cha pweza anakimbia kwelikweli. Kwa Kiingereza amepewa jina la alizeti, basi na sisi tumwite Alizeti. Anamfunika nungunungu, anammeza na miiba yake yote halafu anatema ganda. Na hata asipokula, nungunungu wakinusa tu harufu yake majini wanatawanyika au wanabaki kwenye nyufa.

Hapo kwenye nyufa ndipo mambo yote yalipo. Kwenye msitu wenye afya nungunungu hatembei kuitafuta kelpi, anakaa kwenye tundu lake anasubiri vipande vilivyokatika vidondoke vimfikie mlangoni, kama mtu anayeletewa chakula nyumbani. Njaa hana na nje kuna Alizeti, atoke aende wapi? Kwa hiyo unaweza kuwa na nungunungu wengi tu na msitu ukawa salama, mradi wana chakula na wana woga.

Mwaka 2013 woga ukaondoka. Viti vya pweza kuanzia Mexico mpaka Alaska vilianza kuoza vikiwa hai, vinatoka vidonda, mikono inajikata na kutembea yenyewe, siku chache baadaye kimebaki kitu kama ute mweupe kwenye jiwe. Spishi zaidi ya 20 ziliguswa ila Alizeti alipigwa vibaya kuliko wote, zaidi ya asilimia 90 walikufa, na California karibu waliisha kabisa. Mwaka 2020 akaingizwa kwenye orodha ya walio hatarini sana kutoweka.

Mwaka 2014 chakula nacho kikaondoka. Bonge la maji ya moto likakaa Pasifiki ya kaskazini mpaka 2016, wakalipa jina la utani Blob, na maji ya moto kama tulivyosema hayana mbolea, kelpi ikadumaa. Kelpi ikidumaa hakuna vipande vinavyodondoka. Nungunungu pale kwenye tundu anasubiri, hakuna kinacholetwa, na nje hakuna wa kumla. Wakatoka. Wote kwa pamoja, na idadi yao ikapanda mara 60 kwenye maeneo yaliyopimwa, wanatambaa bega kwa bega wanatafuna kila shina jipya kabla halijapata hata urefu wa kidole.

Ndiyo maana nasema ukiuliza ni joto au ni ugonjwa umeuliza vibaya. Lingekuja joto peke yake Alizeti akiwepo, msitu ungepungua na kurudi. Na ugonjwa ungekuja peke yake wakati maji ni ya baridi, vipande vya kelpi vingeendelea kudondoka na wengi pengine wangebaki kwenye nyufa zao. Vimekuja vimefuatana, mwaka mmoja tu katikati, na mahali ambapo mlinzi wa kwanza alishauliwa kitambo kwa ajili ya makoti.

Wengine wakafa njaa. Kuna konokono mkubwa mtamu anaitwa abaloni, naye anakula kelpi, watu wa California walikuwa wanazamia kumtafuta bila mitungi, wanabana pumzi tu, ni mchezo wa kifamilia wa vizazi na vizazi pale kaskazini. Abaloni wakakonda ndani ya maganda yao, wakaachia mawe, wakafa kwa wingi, na mwaka 2018 serikali ya jimbo ikafunga kabisa uvuvi wake. Wavuvi wa nungunungu nao wakaumia, ndiyo, wapo, kwa sababu kile cha njano kilicho ndani yake kinaliwa kwenye sushi na kina bei.

Sasa unasema si wangefurahi, nungunungu wamejaa? Hapana, na hapa ndipo jibu la swali letu la mwanzo. Nungunungu aliyemaliza msitu ndani ni mtupu. Kile cha njano kimekauka, ukimpasua unakuta maji. Lakini hafi! Mwili wake unapunguza moto, anakaa pale kwenye jiwe miaka na miaka bila mlo wa maana, ni spishi inayoweza kuishi miongo kadhaa, na mche wowote wa kelpi ukitokeza anaukwangua. Joto liliondoka 2016, maji yakawa mazuri, mbolea ipo, lakini wale jamaa bado wamekaa mlangoni na njaa yao. Yaani kiasi cha nungunungu kinachohitajika kuua msitu ni kikubwa, ila kuuzuia usirudi unahitaji wachache tu, na hao unao maelfu kwa maelfu.

Mvuvi hawataki kwa sababu hawana kitu ndani. Na kumbe hata fisi maji hawataki! Monterey, kusini zaidi, fisi maji wapo, na yaliyotokea huko yaliwashangaza watu. Alizeti alipokufa, fisi maji waliongeza sana kula nungunungu, sawa, lakini wanakula wa ndani ya msitu, walionona. Wanazama, wanaokota, na sehemu zile za mawe matupu wanazipita kama mtu anayepita genge lenye nyanya zilizooza, maana ukiwa unatakiwa kula robo ya uzito wako kwa siku huna muda wa kupasua maganda matupu. Matokeo yake Monterey ikabaki viraka, hapa msitu, pale jangwa, na fisi maji analinda viraka vilivyobaki ila hafufui vilivyokufa.

Halafu kabla hatujawaona hao Wamarekani kama wazembe, huku kwetu tuna kisa kinachofanana sana. Kwenye miamba ya matumbawe ya Kenya mlinzi dhidi ya nungunungu ni kikande, yule samaki wa meno makali na ngozi ngumu. Mwanasayansi Tim McClanahan na wenzake wamefuatilia hili kwa miongo kadhaa: ndani ya hifadhi kama za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, kikande wapo na nungunungu ni wachache, nje ya hifadhi ambako kikande wanavuliwa nungunungu wamejaa na wanakwangua mwamba mpaka unaliwa. Na hifadhi mpya ikianzishwa kikande hawarudi mwaka ule ule, inachukua miaka mingi sana.

Wanafanya nini kule? Njia moja ni ya kizamani kabisa, nyundo. Palos Verdes, karibu na Los Angeles, wazamiaji walianza 2013 kushuka na nyundo kuponda nungunungu mmoja mmoja, na pale walipowapunguza vya kutosha kelpi iliota tena haraka, ila hiyo ni kelpi ya kusini na hao ni watu wa kulipwa kila siku wanayoshuka. Wengine wanawakusanya wale watupu wakawanenepeshe kwenye matangi wapate kuuzika. Kuna pia mazungumzo ya kuwarudisha fisi maji kaskazini, serikali kuu ya Marekani ilitoa tathmini yake 2022, na wavuvi wa kaa hawataki hata kusikia kwa sababu fisi maji hachagui, kaa wako na kaa wake ni wale wale. Mimi siwalaumu, muulize mvuvi yeyote wa huku ukimletea mnyama anayekula kilo saba kwa siku.

Mimi macho yangu yako kwa Alizeti. Maabara ya Chuo Kikuu cha Washington huko Friday Harbor wameshaweza kumkuza tangu yai, kitu ambacho hakikuwa kimefanyika na kinachukua muda maana wakiwa wadogo ni kama nukta na wanakulana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2025, baada ya zaidi ya miaka kumi ya kutafuta, muuaji wa viti vya pweza alitajwa, ni bakteria wa jamii moja na kipindupindu, maana yake sasa unaweza kumpima Alizeti kabla hujamrudisha baharini. Na kuna jaribio moja walifanya, matokeo yalitoka 2023, wakampa Alizeti nungunungu walioshiba kelpi na wengine wa kutoka kwenye mawe matupu waone kama naye atachagua kama fisi maji. Hakuchagua. Wale watupu aliwala, tena kwa haraka kuliko wale walionona.